Mzee Mbwana, Kusi Nimeifunga

Mzee wangu Mbwana,

Salamu nyingi kama mahindi ya Kitale wakati wa kuvuna. Mimi ni mzima kupita kiasi. Kwanza nikupashe habari njema upate kutulia huko uliko: kutoka Kitale mpaka Bungoma hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi, Wafula. Masika imekuja na ngurumo zake zote, na katika nyumba yako hapa Bungoma halikuingia tone. Tone moja, Mzee! Wenye mabati wanapanga sufuria sakafuni, sisi tumekaa wakavu kama biskuti za jeshi. Watu wananisimamisha sokoni ati niwafundishe. Nawaambia, mimi nimefika Bama na jeshi wakati wa vita vya Mjapani, nimelala chini ya mvua ambayo hata vyura walikuwa wanatafuta pa kujificha. Hii ya hapa ni mate ya mtoto, bana.

Haya. Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, maana najua hutaniamini hivi hivi. Hukuwahi kuniamini hata nikisema maji yamechemka.

Siku ile ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Wafula, mama yako asihamishwe nyumbani mwangu." Mimi nikaitika kwa sauti kubwa, kama mtu anayenadi ng'ombe. Nilipaza sauti ili nisilie. Lakini neno ni neno, nikalibeba.

Tukakuzika. Mama, Bi Aisha wako, akakaa eda yake, na eda ilipokwisha tu, huyo Saidi akashuka kwenye treni kutoka Kitale. Mpwa wake, yule fundi cherehani mwenye kanzu nyeupe kuliko dhamiri yake. Akasimama barazani, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Shangazi, nyumba hii ni ya Pwani. Hapa si Pwani. Mvua ya kwanza itakulalia kitandani. Mimi nina chumba cha bati, twende."

Saidi si mtu mbaya, na mkewe anatia maziwa ya kutosha kwenye chai. Lakini Kitale, Mzee! Wewe umepikia Wazungu kule, unaijua baridi yake. Asubuhi hata ugali unatetemeka. Mama wa Pwani atakwenda kufanya nini kule, kuota moto mpaka afe?

Bi Aisha akamjibu polepole, "Masika ikianza, njoo. Ukikuta kitanda cha Mbwana kimelowa, nitafunga mizigo." Halafu akaniangalia mimi. Si unajua lile jicho? Ndilo analomwangalia nalo kuku kesho ikiwa Idi.

Nikaona hapa hakuna mchezo. Kitanda chako hakihamishiki. Ulikiunda ukumbini kwa mikono yako, kikawa kipana kuliko milango yote, ukasema ati ndivyo ulivyotaka. Tangu uende, yeye ndiye anakilalia. Kwa hiyo ama nyumba ikae tayari, ama mama aende Kitale.

Nikapanda juu ya paa peke yangu. Nikakumbuka lile paa la kwanza, tulipokuja kujenga hapa karibu na msikiti. Ulisema nyumba isiyo na makuti ni banda la ng'ombe. Minazi hakuna, ukashona majani makavu ya mgomba, wiki nzima, watu wanapita wanashika midomo. Halafu mbuzi wa mwuza nyama wakapanda barazani, kutoka barazani wakapanda juu, wakala upande mzima kabla ya adhuhuri. Tukaezeka kwa nyasi kama watu wengine, na jioni ukawaambia wazee msikitini kwamba nyasi ndiyo ilikuwa nia yako tangu mwanzo. Watu wanauliza mimi nilijifunza wapi kujisifu.

Basi nikafanya kila kitu kama ulivyotaka. Nyasi nikafunga upya, kuta nikapiga chokaa, godoro la sufi nikalitoa juani, na Bi Aisha akafukiza ubani vyumbani mpaka panya wakatoka wakikohoa. Kitu kimoja tu kilipungua: sauti yako chini na bakora, "Nyinyi, nani amempandisha mtu wa mvua juu ya paa?" Kwa sababu kwetu Wafula ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na utani huo hukuchoka nao hata mwaka mmoja. Mara mbili niliangalia chini kukujibu.

Ikabaki ile kazi yako ya mwisho, ambayo hukumwachia mtu. Unasimama barazani, unalamba kidole, unakiinua. "Kaskazi imekata. Kusi inakuja." Kisha unachukua jamvi na misumari, unaziba dirisha la kusini kama mtu anayengoja vita.

Mzee wangu, kusi gani? Huo ni upepo wa bahari, na bahari iko mbali siku nzima na usiku kwa treni! Hapa mvua inashuka kutoka Mlima Elgon, kila mtoto anajua, kila siku watu wakishakula chakula cha mchana. Na dirisha la upande wa mlima uliliacha wazi kama mdomo wa mlevi. Kila mwaka maji yanamwagika ukumbini, Bi Aisha anakimbia na sanduku la kanga, mimi nakimbia na godoro, na wewe umesimama maji yakiingia viatuni, unasema bila haya: "Hii si kusi. Hii ni mvua tu."



Mwaka huu nikasema, Wafula, wewe umetembea dunia, tumia kichwa. Nikalipigilia jamvi upande wa mlima. Likakaa vizuri sana. Bi Aisha akatoka, akalitazama kwa muda mrefu.

"Wafula, nyumba hii ya nani?"

"Ya Mzee, mama."

"Basi nani amekwambia uifunge hivyo?"

Nikamweleza habari ya mlima, nikamweleza habari ya Bama. Akaniambia, "Bama nenda kafunge madirisha ya Bama. Mvua ya hapa inatoka wapi mimi sijui? Godoro hili miaka yote hukausha nani? Hebu ng'oa. Ziba kusi."

"Mama, kitanda kitalowa. Saidi atakuchukua."

"Ziba kusi, mwanangu."

Nikang'oa, nikaziba kusi. Na kidole nililamba pia, Mzee, kwa kuwa aliningojea nifanye hivyo.

Ijumaa Saidi akaja. Tumekaa ukumbini, chai inamiminwa, mlima ukawa mweusi. Ikaja mvua ya mawe, Mzee, mawe kama mayai ya njiwa, na yote yakapita dirisha lile la mlima kama yameandikiwa. Saidi alipigwa mgongoni akaruka na kikombe. Mimi nikashika godoro kwa mazoea, nimechelewa. Maji yamefika kwenye kamba za kitanda, yanachuruzika chini.

Saidi akapata furaha, ijapokuwa alikuwa amelowa kama taulo. "Shangazi! Umeona? Kitanda kimelowa! Kusanya vitu!"

Niliona neno langu kwako linaelea sakafuni pamoja na makubazi.

Bi Aisha akainuka. Akaweka kiganja juu ya kitanda chako, akauinua mkono ukidondoka maji. Akaligeukia lile jamvi la kusini, kavu kabisa, halina hata unyevu. Kisha akamwambia mpwa wake, kwa sauti yako ile ile ya pua:

"Hii si kusi, Saidi. Hii ni mvua tu."

Akacheka. Mzee, tangu tulipokuzika hakuwa amecheka. Alicheka mpaka akakaa hapo hapo kwenye maji, na mimi nikacheka, na nikalia kidogo pia lakini nilikuwa nimelowa, hakuna aliyejua. Saidi alituangalia kama watu wa kufungwa kamba. Akarudi Kitale peke yake, kanzu imemganda. Bi Aisha alimpa mkungu wa ndizi ampelekee mkewe.

Basi pumzika, mpishi wangu, fundi wangu wa mambo yasiyohitajiwa. Nakuahidi: nikiwa na pumzi, kila mwaka nitasimama barazani pako mbele ya Bungoma yote, nitalamba kidole, nitafunga kusi. Wacheke.

Na lile la mwanzo, la tone moja, ni uongo. Nyumba yako imejaa maji, na barua hii ninaiandika nimesimama kwa sababu hakuna mahali pakavu pa kukaa. Bahati pia sina, Mzee. Ningekuwa nayo, ungekuwa hapo chini na bakora yako.

Wafula