Waya wa Sita

Jumanne, Hai Cinema

Nilikuwa nikijiuliza kila siku. Kwa nini video zilikuwa zikikwama saa nne asubuhi tu?

Leo Akello, mhariri wetu wa video kutoka Gulu, alichoka nami. "Injinia, wewe unachora tu. Mimi iko hapa na mzee amekwama mdomo wazi." Mzee aliyekwama kwenye skrini ni mwimbaji tuliyemrekodi mtaani Nyakuron. Rekodi yake iko kwenye hifadhi yetu ya pamoja, na kwa muda mrefu haikuwa na nakala nyingine.

Nilikuwa nachora karatasini mpango wa mitandao miwili, mmoja wa video na mwingine wa ofisi na simu za watu. Nilizilaumu simu. Saa nne nikazima Wi-Fi yote, watu wakanuna. Mzee hakusogea.

Nikaanza kuchomoa nyaya za mtandao, mmoja baada ya mwingine. Nilipochomoa wa sita, mzee akaendelea kuimba.

Niliufuata waya ule kwa mkono hadi mezani kwangu. Kompyuta yangu ilikuwa inanakili rekodi zote na kuubana mtandao wa video, kama nilivyoiagiza mwenyewe, kila jenereta inapowashwa saa nne, nisije nikampoteza mzee.

Akello alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinipa kalamu.

Nimechora mtandao wa tatu, wangu peke yangu.