Papa, Ile Masque Haikukuponyesha

Papa wangu wa Isangi,

Hii barua, yaya Odette, dada yangu mukubwa, ndiye atakusomea, juu najua miwani yako iko ndani ya mufuko na hautaivaa. Yaya, tafazali, soma na sauti ya nguvu. Kama majirani wako kwa parcelle, pale kiwanja ya nyumba, uwaite wakae karibu kwanza. Na wewe papa, usimukate neno mbele hajamaliza. Kwa téléphone nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulinipa habari ya mbuzi. Mara ya tatu réseau ilikufa. Ndiyo maana leo mi, mutu wa kuishia quatrième primaire, darasa ya ine, niko na bic ya kuandikia mu mukono sawa juge wa mahakama.

Jana mwenye baleinière, ile mashua ya mizigo, aliniletea ujumbe yako. Alisema: "Papa yako anaomba masque ingine ya hewa, sawa ile ya kwanza. Ni ya Mama Lisungi, jirani yenu. Kifua inamubana, anapumua sawa mutu ametoka kukimbia. Papa yako alitaka kumuvalisha ile yake, lakini lastiki ilikatika."

Papa, nilimushukuru Mungu juu ya ile lastiki. Nilimushukuru pale pale kwa port, watu wa mizigo wananiangalia.

Sasa unisikilize. Unakumbuka vile ulifika Kisangani? Ulikuwa umekaa juu ya gunia ya makala ya kupikia, mabega inapanda, inashuka, mudomo imekuwa bleu sawa hii bic. Nikakuuliza, "Papa, iko namna gani?" Ukanijibu neno moja, ukapumua, neno ingine, ukapumua: "Niko... muzima... kwanga... iko wapi." Pumzi haiko, unaulizia mukate ya mihogo. Watu wawili wa toleka walikataa kukubeba kwa kinga yao, ile baiskeli ya kubeba watu, walisema muzee ataanguka njiani. Wa tatu alikubali, wewe ukakaa nyuma, mi nikakimbia kando nimeshika mugongo yako mupaka hopitali. Kufika, infirmière wa kupokea wagonjwa hakujua nani ndiye mugonjwa kati yetu.

Ule infirmière ndiye Ma Béa. Unamukumbuka, mama wa kucheka kidogo, anatembea haraka na ndala za bleu. Alikukalisha sawasawa, akafunga kale ka pince kwa kidole yako, kenye kuonyesha namba ya hewa ndani ya damu. Aliangalia, akasikiliza mugongo yako, akaniuliza kama unavutaka tumbaku. Nikasema unavutaka, na mbele ya pale ulikaa miaka yote na mama ndani ya moshi ya samaki. Akasema "aa". Kiisha alikuvalisha tuyau ya pua. Ni kamba ndogo, ncha mbili zinaingia ndani ya pua, inapita nyuma ya masikio. Wao wanaiita lunettes, ndiyo kusema miwani, hata kioo haina. Aliifunga kwa machine ya oksijeni yenye kulia grrr, akafungua kidogo tu. Kwa machine kuko tube ya kioo, ndani ka bille kadogo, sawa gololi. Ka bille kakapanda mupaka kwa namba mbili, kakasimama. Ma Béa akasema, "Mbili inamutosha. Usiguse."

Bon. Kitanda ya kando alilala ule muzee wa Bafwasende, mununuzi wa or, ile zahabu. Yeye alikuwa na masque ya kweli, inafunika pua na mudomo, chini kafuko ka plastiki kamejaa vizuri, na kando chupa ya chuma murefu kuliko mi, oksijeni inapiga fuuu. Ile kitu ilikuwa na heshima, papa. Mutoto wake mwanaume alikuangalia, akaangalia ile kamba yako, akaniuliza:

"Papa yenu, hata masque hamukumupatia?"

Mi niliwaza: ile ni première classe, ya watajiri. Papa yangu wamemuweka chini pamoja na kuku, juu wameona viatu yangu. Na wewe papa, uliangalia masque ya ule muzee, kiisha ukaniangalia mi. Hewa ya kusema haikuwa. Lakini najua macho yako tangu nilipopoteza pirogue, ule mutumbwi wako.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa mutu anauzishaka vitu vya dawa pale soko ya Tshopo. Nilimupa paire moja ya viatu ya biashara yangu, ngozi safi, ya Italie. Bon, mi ndiye nilisema ni ya Italie. Akanipa masque yenye kafuko, mupya, ndani ya plastiki yake. Nilirudia nikiimba. Ma Béa alikuwa kwa salle ingine ya wagonjwa. Nikavuta ile kamba ya pua, nikafunga masque kwa machine, ikaingia vizuri sana, nikakuvalisha. Ka bille kalibakia kwa mbili. Sikukagusa, juu alisema nisiguse. Mi niko mutu wa discipline.

Ulipumua. Kiisha ulilala.

Papa, ulikuwa na siku tatu haujafunga macho, na sasa ulilala, uso umepata moto na rangi. Nilipiga kifua. Nikamuambia ule kijana wa Bafwasende, "Unaona?" Akanikubalia na kichwa. Nikapigia yaya Odette téléphone: "Papa analala sawa mutoto, mi ndiye nimemupatia masque." Yaya alilia na furaha. Yaya, unakumbuka, usiruke hiyo ligne, soma. Kiisha nilikaa kwa kiti na kukula liboke yako yote, ile samaki ya kupikwa ndani ya majani, sababu ulikuwa umelala na samaki haipendi kungojea.

Ma Béa akaingia. Aliangalia kafuko ya masque: kamelala bapa sawa ndala ya zamani. Aliita, "Papa. Papa." Alikupiga kwa bega. Alikufinya kwa kucha ya kidole, na nguvu. Wewe kimya.

"Analala," nilimuambia polepole. "Tusimusumbue."

"Huyu halali," alisema. "Anaenda."

Alivuta masque, akaitupa chini, akaita docteur. Walileta ballon, ile wanafinya na mukono kwa kuingiza hewa kwa mutu, puu, puu, puu. Walinisukuma, na nafasi ilibakia ni moja tu, kwa miguu yako. Nilishika muguu ya kuume. Ilikuwa baridi. Kisigino ndani ya huu mukono, vidole ndani ya huu. Unanijua, mi naweza kuuzishia mutu kiatu moja na kumuambia ya pili inakuja na ndege. Ile siku maneno ilikwisha. Nilisema pardon. Nilisema pardon kwako, kwa mama kule aliko, kwa kitanda.

Sijui ilikamata wakati gani. Najua tu, muguu yako ilinipiga teke. Ya tumbo, vizuri. Kiisha ulifungua macho, ukaangalia watu wote wamesimama, ukauliza:

"Nani amekula liboke yangu?"

Kijana wa Bafwasende alicheka mupaka akakaa chini. Mi nilitoka inje na kulia nyuma ya chupa tupu za oksijeni. Hiyo haukuiona. Sasa unajua.

Ulipopata nguvu, uliona masque chini ya kitanda. Ukaniuliza kama ndiyo ile nilikuvalisha. Nikasema ndiyo papa. Ukasema, "Nililala sawa zamani ya ujana." Kiisha ukasema, "Wewe ni mutoto." Papa, tangu nilizaliwa, ilikuwa mara ya kwanza unanisifu "wewe ni mutoto" bila kuongeza "lakini". Alors sikukuambia ukweli. Siku ulitoka hopitali, ulienda na masque chini ya kwapa. Nasikia umeitundika kwa ukuta, kando ya photo ya mama, na wageni wanaonyeshwa: hii ndiyo mutoto wangu aliniponyesha nayo.

Kwa miezi yote nimekula ile sifa sawa mboga ya pondu. Leo naitapika. Masque ilitaka kukuua, papa, na mukono iliyoivalisha ni hii. Waliokuponyesha ni Ma Béa, dawa yake, na ile kamba ya pua nilionea haya.

Ile siku Ma Béa aliniita kwa couloir, inje ya salle. Niliwaza atanipiga, hata nilitoa kofia. Akaniuliza, "Wewe unafanyaka kazi gani?"

"Nauzisha viatu, mama."

"Mutu akikuja, unaangalia nini kwanza?"

"Muguu, mama."

"Haumupi ile yenye kungaa kuliko zote?"

"Hapana mama, itamuumiza." Bon, siku ya njaa namupa, lakini hiyo sikumuambia.

"Na mi vilevile," alisema. "Napima mutu, kiisha nachagua. Kamba ya pua ni ya mutu wa kuhitaji kidogo, moja, mbili, mupaka tano. Masque ya kawaida, chini ya tano sifungui. Ile ya kafuko inaomba kumi na kupanda, kafuko kakae kamejaa kila saa. Wewe umeiweka juu ya mbili. Papa yako alikuwa anavuta tena ile pumzi yake mwenyewe chafu, ndiyo ilimulewesha. Na mapafu yake imezoea kuishi na kidogo. Kumumiminia nyingi bila kupima pia ni mubaya. Muzee wa Bafwasende iko na ugonjwa ingine. Muguu ingine, kiatu ingine."

Nikamuuliza, "Sasa mama, ile kubwa haiko ya watajiri?"

"Ule muzee," akasema, "angependa sana avae ya papa yako."

Papa, ile neno iliniingia. Mi nilimuonea wivu mutu juu ya ugonjwa wake mukubwa.

Donc, Mama Lisungi. Masque yako ya kwa ukuta haina chupa, haina machine, ni plastiki ya kufunga mutu pua. Usimuvalishe yeye, usimuvalishe mutu yeyote, hata kama lastiki imeshonwa. Mupeleke hopitali ya Isangi leo, usingoje kesho. Kwa pirogue akae wima, mumuegemeze, musimulalishe. Kufika kule wamufunge ka pince kwa kidole, wao wachague. Wakimupa kamba ya pua, musikasirike. Wakimupa masque, musijivune. Na akilala sana hata akiitwa haitiki, musifurahi sawa mi, mupige kelele. Na wewe papa, pipe yako ya tumbaku ibakie nyumbani. Kando ya oksijeni moto haiingie, hata kidogo. Ma Béa alisema unaweza kuunguza salle muzima, na nilimuahidi kwa jina yako, sababu najua wewe ungemudanganya.

Nikimaliza kuandika hivi nasikia kifua yangu nyepesi, sawa mi pia nilikuwa na siku tatu sijalala. Yaya Odette aliniambia sasa unatembea mupaka kwa maji na kurudia, unagombana na mbuzi ya watu na sauti muzima. Mara ingine hapa kwa soko, katikati ya kupigia muteja kelele, nakumbuka ile teke ya tumbo, nacheka peke yangu, watu wanasema huyu amekula nini.

Najua sasa utaiongeza ile "lakini" yako. Iongeze, papa. Sema "wewe ni mutoto, lakini", useme murefu, mbele ya majirani wote. Mutu wa kusema "lakini" ni mutu anapumua.

Mwenye baleinière iko na ka-carton kako. Masque haiko ndani. Ni viatu, nyeusi, ya kufunga na kamba, haiko ya Italie. Uvae, umusindikize Mama Lisungi. Utaona inakutosha sawasawa, na utamuuliza yaya nani alinipa pointure yako, ile namba ya muguu. Hakuna mutu alinipa. Niliishika mu mikono.

Baki na pumzi yako, papa, na uitumie kwa kunitukana.

Mi mutoto wako,
mwenye kukula liboke