Uyoga Usio na Jina

Mbalizi,
6 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Mufindi? Mvua zimeshika? Na mgongo wa baba unaendeleaje, au bado anashindana na vijana kubeba magogo pale mashineni? Mimi sijambo, kikohozi kidogo tu cha baridi ya Mbeya, usianze kunitumia dawa za mizizi.

Boksi limefika salama, safari hii konda hakulikalia. Uyoga umekauka vizuri mpaka ukiushika unalia kama majani makavu. Nilipiga picha, nikaweka mtandaoni saa nne asubuhi, hadi saa nane hakuna pakiti iliyobaki. Mama, mikono yako inajulikana Tunduma mpaka Makambako, wewe upo tu hapo unapalilia mahindi.

Sasa nina jambo jipya. Nimeanzisha podikasti. Ni kama kipindi cha redio, ila mtu anasikiliza kwenye simu wakati anaotaka yeye. Inaitwa Kapu la Damari. Watu wakizoea sauti yako, wananunua bidhaa yako. Tatizo ni kwamba kila wiki lazima uongee, na mimi baada ya vipindi viwili nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyozaliwa nayo. Ndipo Irfan, yule fundi wa kompyuta wa mjini, akaniuzia furushi la makala mia mbili yaliyokwishaandikwa. Yapo ya uyoga, ya asali, ya mboga, ya afya. Yametoka nje, kompyuta ikayageuza Kiswahili. Ukishanunua ni yako, unaweka jina lako juu na kusoma. Hakuna anayekuuliza.

Ndani ya boksi hili tupu nimeweka memori kadi yenye vipindi vitano. Chomeka kwenye redio ya baba usikie mwanao.

Mwanao,
Damari

---

Mufindi,
14 Desemba 2025

Kamwene mwanangu Damari,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo unamuuma, ila hakubali, anasema ni kitanda. Mvua zimeshika vizuri, mahindi yamefika magotini.

Tumekusikia. Baba yako aliposikia sauti yako ikitoka kwenye redio aliacha ugali ukapoa, na huyo unamjua. Mama Gloria alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka kadi ikaisha. Umeongea kama mtangazaji wa Dodoma. Nimefurahi mno, nisikufiche.

Ila kipindi cha tano sijakipenda. Umesema mtu aende kwenye misonobari achume uyoga mweupe wa pale chini. Umetoa vipimo vitatu. Kwamba ukikuta konokono ameutafuna, ni salama. Ngozi ikimenyeka vizuri, ni salama. Ukiuchemsha na kitunguu swaumu, na kitunguu kikabaki cheupe, ule tu. Damari, nilikufundisha hayo lini? Sauti ni yako, lakini anayesema siyo wewe.

Unajua kwetu tunavyochuma. Bibi yako alinishika mkono, akaniwekea uyoga kiganjani, akaniambia jina lake, nikalirudia. Uliofuata, hivyo hivyo. Usiokuwa na jina ulibaki porini, hata kama tuna njaa. Na wewe nilikufanyia hivyo, kuanzia ulipokuwa na miaka sita. Uyoga wa misonobari ulikuja na misonobari yenyewe, wazee wetu hawakuuona, hauna jina. Pale kwenye kitalu cha zamani kuna makaburi matatu ya familia moja, vibarua waliokuja kupanda miti. Wengine walisema wamelogwa. Bibi yako alisema ni uyoga.

Huyo aliyeandika makala anaitwa nani? Anakaa wapi? Amewahi kuchuma?

Kipindi hicho kitoe, mwanangu.

Mama yako

---

Mbalizi,
4 Januari 2026

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mmeamkaje? Baba apakwe ile dawa ya mgongo niliyotuma, asiinywe. Mimi mzima, kikohozi kimeisha.

Mama, kipindi hicho siwezi kukitoa. Ndicho kinachosikilizwa kuliko vyote. Watu zaidi ya elfu tatu! Wananitumia picha za walichochuma, kutoka Uyole, kutoka Kawetire kwenye misitu, wote wananiita dada Damari. Mmoja anaitwa Mercy, wa Uyole, hakosi kipindi, ameniandikia kwamba tangu mama yake afariki hakuwa na mtu wa kumfundisha mambo ya porini, sasa amenipata mimi. Nilisoma nikalia.

Umeuliza jina la mwandishi. Hana jina, mama. Ndivyo biashara hii ilivyo, anaandika, anauza, anapotea. Lakini makala yamepangwa vizuri, yana vichwa vya habari, yanataja wataalamu. Na wale wa kwenye kitalu, pengine walikufa kwa sababu hawakuwa na vipimo. Ulishawahi kuliwaza hilo?

Halafu kuna kubwa zaidi. Bhavna, mwenye duka kubwa la vyakula mjini, amesikia podikasti yangu, ameniita. Ananipa rafu nzima dukani kwake, yenye jina langu. Anataka pakiti mia moja kabla ya mwisho wa Februari. Nikishindwa, rafu anapewa mwingine. Mama, nimehangaika miaka minne kuuza kwa simu nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mwenyewe unasema miombo unakochuma imebaki mbali. Misonobari iko mlangoni kwako. Chuma huo mweupe, tumia vipimo, nitumie boksi mbili.

Damari wako

---

Mufindi,
18 Januari 2026

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, dawa baba yako amepaka, nyumba nzima inanuka.

Boksi limekuja nusu, usinune. Nimetembea tangu asubuhi mpaka miguu ikakataa. Ile miombo ya upande wa mtoni wameikata yote kuchoma mkaa, nimekuta visiki. Niliokuchumia ni ule wa njano unaoujua, wenye jina lake.

Kila jioni baba yako anachomeka ile kadi. Vibarua wa mashineni wanakuja kukaa ukumbini, wanasikiliza, wanacheka unapocheka. Kipindi cha tano wanakirudia. Juzi kijana mmoja aliniuliza, "Mama Damari, mbona wewe huchumi hapo chini ya miti na binti yako ndiye mtaalamu?" Nimeanza kujiona mshamba katika nyumba yangu mwenyewe. Nikipita kwenye misonobari nauona umesimama pale, msafi, mweupe wenye ukijani kidogo juu, mwingine konokono ameshautafuna kweli kama ulivyosema. Nasimama, naangalia, mkono unakataa.

Najua rafu hiyo ni nini kwako. Nilikuona ukiuza nyanya barabarani umeloa mvua. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, na unijibu kama mtoto anavyomjibu mama yake. Wewe mwenyewe umeula? Aliyeandika simjui, wewe nakujua. Ukiniambia umeula, nitachuma.

Mama yako

---

Mbalizi,
25 Januari 2026

Shikamoo mama. Natumaini mu wazima. Naandika haraka, basi linaondoka.

Nimeula, mama. Mara mbili. Nilichuma Kawetire, nikapima vyote vitatu, nikaupika na nyanya na karanga. Mtamu kama kuku. Sikuumwa hata kichwa.

Boksi mbili tupu zimo kwenye basi, moja ndani ya nyingine. Usichelewe.

Damari

---

Mbalizi,
Jumanne, 24 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini kwanza. Mko wazima? Baba yuko mzima? Mwezi mzima sijapata barua wala boksi, na namwomba Mungu iwe ni kwa sababu hujachuma.

Mama, ukiisoma barua hii, uyoga wa misonobari usiuguse. Kama umeukausha, choma moto. Kama umempa mtu, mfuate hata kama ni usiku.

Mercy wa Uyole amekufa. Alichuma kwa vipimo vyangu, alinitumia picha ya konokono akiwa amefurahi. Mdogo wake alikuja kwangu Ijumaa na polisi wawili. Wamechukua simu yangu na kompyuta, nimeambiwa nisitoke Mbeya, kila asubuhi naripoti kituoni. Namba zote zilikuwa kwenye simu. Yako tu ndiyo iliyobaki kichwani, nimeipiga kwa simu ya Bhavna mpaka akanihurumia. Haipatikani. Najua mpaka upande mlimani ndipo inashika. Panda huko mlimani mama, panda leo.

Nikueleze alivyokufa, kwa sababu ni lazima ujue. Alikula mchana, hakusikia kitu. Usiku wa manane akaanza kutapika na kuharisha, siku nzima. Halafu ikakoma. Akaamka, akanywa uji, akafua, akawaambia nyumbani amepona, hana haja ya hospitali. Siku ya nne macho yakawa ya njano, na siku ya sita hakuwepo. Daktari ameniambia kule kupona ndiko kunakodanganya watu. Tumbo linatulia, sumu inakuwa inamaliza ini. Ukichemsha haitoki, ukikausha haitoki. Konokono hafi kwa sumu hiyo, mama. Yeye anakula na kuondoka. Kitunguu hakijui chochote. Mtu akishaula, hata kama amepata nafuu, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na lingine. Sikuula. Sijawahi kwenda Kawetire kuchuma. Siku niliyokuandikia kwamba nimeula nilikuwa nimekula chipsi dukani kwa Irfan. Uliniuliza kama mama nami nikakujibu kama mfanyabiashara. Niliona rafu, nikaona jina langu juu yake, nikasema uongo kwa mistari mitatu. Unichape, unilaani, ila unijibu.

Barua hii nampa dereva mkononi, siyo konda. Nimemlilia aifikishe leo Mafinga. Kesho asubuhi nikimaliza kuripoti nasimama stendi ya Mbalizi kusubiri.

Mwanao,
Damari

---

Mufindi,
Jumanne, 24 Februari 2026

Kamwene mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kikohozi hakijarudi? Najua umeshanikasirikia kwa kunyamaza mwezi mzima. Mvua ilikatika wiki tatu, chini ya misonobari kukawa majani makavu tu. Ilinyesha wiki iliyopita, na Ijumaa ukachomoza mwingi, sijawahi kuona. Boksi zote mbili zimejaa. Leo nazipeleka Mafinga mwenyewe, na barua hii nimeilaza juu uione kwanza.

Sikutaka kutuma chakula ambacho sijakionja, kwa hiyo Jumamosi mchana niliupika sisi tuule kwanza, na nyanya na karanga kama ulivyopika wewe. Wakati namenya nilijisemea, Damari ameula mara mbili, mwanangu hawezi kunidanganya. Ni kweli una ladha ya kuku! Baba yako alikwangua sufuria.

Usiku tuliumwa matumbo, nisikufiche, Jumapili nzima hatukwenda hata kanisani, tulikuwa tunapishana mlangoni. Baba yako akasema ni karanga, zilikuwa za mwaka jana. Mama Gloria alitaka kututafutia pikipiki ya kwenda hospitali. Ila jana mchana yote yalikoma, na leo tumeamka wazima kabisa. Nimekunywa uji, nimefua, nimefunga boksi. Baba yako amekwenda mashineni. Macho yake yana unjano kidogo, nadhani ni vumbi la mbao, nimemwambia anawe.

Mama Gloria naye ameuomba. Nimemwambia asubiri kidogo, rafu ya mwanangu ijae kwanza, nitamchumia kesho.

Nilikuwa na ubishi, unisamehe. Nilishikilia mambo ya bibi yako kana kwamba dunia haisogei. Jana jioni nimekaa na baba yako tukasema, kama uyoga huu sasa unaliwa, basi haufai kukaa bila jina. Tumeuita Damari. Leo asubuhi Gloria mwenyewe, yule mtoto wa jirani, amepita hapa kwenda shule, nikamwekea mmoja kiganjani, nikamwambia jina, akalirudia vizuri sana.

Usalimie Bhavna.

Mama yako