Aabo, Huo Mgongo Wako

Aabo wangu,

Assalamu alaikum. Simu yako imezimwa tena, kwa hiyo nimeandika, na Adeer Bishar, mdogo wako, atakusomea huko malishoni Hulugho. Usijifanye umesinzia. Na wewe Adeer, usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea haya kaka yako.

Baba, umenichosha. Uliletwa hapa Garissa umepinda, maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi shavu la mguu. Nikaomba ruhusa kazini, nikakupeleka kwa daktari wa viungo. Uliingia ukitarajia sindano, na ulipoambiwa hakuna sindano ulinitazama kana kwamba nimekutapeli. Yule daktari akakwambia uiname mbele, mara kadhaa, na maumivu yakakimbilia mguuni. Akakwambia usimame, ushike kiuno, ujikunje nyuma, tena na tena. Maumivu yakaacha shavu la mguu, yakaacha paja, yakabaki kiunoni tu. Daktari alifurahi. Wewe macho yalikutoka.

"Daktari, hii uchungu inabanda juu! Kesho itafika kwa moyo!"

Akakueleza taratibu kwamba uchungu ukirudi kiunoni ni dalili njema, na kwamba mgongo wako unapenda kukunjwa nyuma. Ulitoka pale ukimwambia kila tuliyekutana naye kwamba sasa una ugonjwa wa moyo.

Kisha likaja lile zoezi la nyumbani: kulala kifudifudi, kuinua kifua kwa mikono, kiuno kibaki chini. Ukakataa katakata. Ulisema kulala kwa tumbo ni makuruhu. Nikamwita sheikh wa mtaani, akasema hilo ni la usingizi, si la matibabu. Alipoondoka ukasema sheikh naye bado mtoto. Nikalala mwenyewe mkekani kukuonyesha, mimi mama wa watu, na wewe ukaniuliza nimeangusha nini chini ya kitanda. Hooyo, mama yangu, alicheka mpaka akamwaga chai. Nami nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Basi fanya lile la kusimama, nikakusihi, mikono kiunoni. Ukanijibu kwamba hivyo husimama mwanamke anayetafuta ugomvi sokoni. Asubuhi yake ukajifunga kikoi, ukapanda lori la mifugo, ukaenda zako.

Na shingo yangu uliyoicheka pale kwa daktari? Aliniona nikigeuza mwili mzima ili nikutazame, akanipima na mimi. Sasa huku ofisini navuta kidevu nyuma kila nikikumbuka, kama alivyonifundisha. Wenzangu wananiuliza nimechukizwa na nani. Nawaambia, baba yangu. Lakini nageuka vizuri siku hizi, alhamdulillahi.

Aabo, naogopa, na woga wangu hutoka kama hasira, hilo nimelirithi kwako. Unavuta maji kisimani na mgongo huo. Daktari alisema mguu ukianza kulegea urudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje. Mguu ukikataa, utaletwa mjini ukalishwe kwenye kiti cha plastiki, usikilize honi mchana kutwa badala ya kengele za ngamia wako. Nakujua, utakufa kwa huzuni kabla ya ugonjwa. Sikukupeleka kwa daktari ili nikuweke hapa. Nilikupeleka ili uweze kubaki huko.

Juzi Adeer alinipigia. Nikamuuliza hali yako, akasema unakula vizuri, lakini kuna jambo haelewi. Anasema kila baada ya muda unaenda nyuma ya kichaka, unashika kiuno kwa mikono miwili, unaegemea nyuma na kutazama juu, tena na tena. Akikuuliza, unamjibu kwamba unatafuta mawingu.

Mawingu, Aabo. Katikati ya jilaal, kiangazi hiki ambacho hata kunguru amechoka, anga jeupe kutoka Hulugho hadi hapa.

Nikamwambia Adeer akuache, kwani wewe ndiye unayejua mambo ya mvua. Na mimi sibishani nawe. Yatafute asubuhi ukiamka, yatafute ukitoka kisimani, yatafute ukiwa umekaa sana na chai. Ukitaka kuyatafuta ukiwa umelala kifudifudi, hiyo ni siri yako na mkeka.

Na mvua ikinyesha, inshallah, tafadhali usiache kuyatafuta.

Binti yako mkubwa,
mwenye kichwa kigumu kama chako.