Lori la Baba Hilda

Jumatatu, 16 Februari 1970

Nimepalilia viazi mpaka saa nne. Mgongo umekataa, nikaacha. Fundi Hamza amefika na basi kutoka Mazinde, kapu la spana begani, kama kila Jumatatu. Nimempa uji, akaunywa amesimama, akaingia bandani.

Miaka sita lori hili limekaa juu ya mawe. Baba Hilda aliitoa injini ya petroli iliyokufa, akaniambia mwezi ujao ataweka nyingine. Mwezi ujao ulimkuta kaburini. Kifua. Tangu hapo kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Sasa tunaweka injini ya dizeli, ile iliyokuwa ikizungusha mashine ya mkonge huko Mazinde kabla shamba halijafungwa. Nilitoa ng'ombe wangu mwenye mimba nikaipata. Hapa Yoghoi wanasema nimerukwa na akili. Labda.

Fundi anaijua injini hiyo kama mwanawe wa kumzaa. Ameihudumia miaka kumi na moja ikiwa imefungwa kwenye sakafu ya saruji. Kuendesha anajua, leseni anayo. Lakini lori, lolote lile, hajawahi kulitengeneza. Alinieleza siku ya kwanza, hakunificha. Nilimpenda kwa hilo.

Alhamisi, 19 Februari

Shemeji Zakaria amekuja. Mdogo wa marehemu mume wangu, na siku hizi msemaji wa ukoo. Hakukaa. Alilizunguka lori, akaligonga ubavuni kwa fimbo.

"Shemeji, umeolewa na chuma?"

"Chuma hakirudi nyumbani kimelewa boha."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sisi ni mashemeji, utani tumeruhusiwa. Kisha uso ukabadilika, nikajua kilichomleta. Ukoo umeamua. Jumatatu ya Pasaka watu wote watakuwa nyumbani, watakaa kikao. Lori likiwa linatembea na kubeba mzigo, ni langu na watoto. Likiwa bado bandani litakatwa, chuma kigawanywe, kila nyumba ichukue chake. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshapatikana Korogwe.

Nimeudhika sana. Naandika hapa ili nisiseme mbele ya watoto. Kazi ya mwisho ya mikono ya mume wangu iwe misumari ya watu! Ee Bwana, nizuie ulimi.

Jumamosi, 28 Februari

Bamba limekaa!

Injini ya Mazinde na giaboksi ya lori hazikuwa zikijuana hata tundu moja. Mhunzi wa Soni amefua bamba la kuziunganisha mara nne. Tatu za kwanza tumezirudisha, ya tatu akatufukuza. Leo boliti zote zimeingia. Fundi aliswali adhuhuri chini ya mpeasi, akarudi akakaza ya mwisho. Mimi nikasema Amina. Sidhani kama Mungu alichanganyikiwa.

Jumatano, 4 Machi

Imewaka. Saa tano asubuhi.

Moshi mweusi mpaka kwa jirani. Kuku wametawanyika, mmoja hajaonekana hadi sasa. Nimelia, na sikujificha.

Akina mama wa shamba letu la ujamaa walikuja mbio na majembe yao. Kabichi zetu zinaoza. Lori tulilokuwa tukikodi limelala, vipuri hakuna. Mama Saida, mwenyekiti wetu, aliweka mkono kwenye boneti akautoa haraka.

"Mama Hilda, ana homa huyu."

"Homa ya kazi," nikamwambia.

Wamenipa mzigo wa Jumatano ijayo. Kabichi mpaka Mombo, kwenye treni. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema.

Jumamosi, 7 Machi

Siku kubwa. Lazima niandike yote.

Fundi alitaka tupakie mawe, tushuke kwanza taratibu hadi Mombo, turudi. Nikakataa. Nilimwambia kwetu huku gari linapimwa kwa kupanda. Kushuka hata jiwe linashuka. Watu waliokuwa pale wakacheka, wakasema kweli, kweli. Tangu utoto wangu sijasikia mtu akisifu gari kwa kushuka. Wanasema gari la fulani lilipanda Magamba na gunia arobaini. Fundi ni mtu wa bondeni. Akainamisha kichwa, akasema, "Haya mama, nyie ndio wenye milima."

Basi Magamba. Tulijaza mawe ya ukuta wa kanisa, na juu ya mawe akina mama wa kwaya. Tukapita Lushoto mjini katikati, kwa makusudi, nakiri. Lilipanda! Halikuomba hata kupumzika. Sauti nzito, kama mtu anayesoma Zaburi bila haraka. Pale kona kali watu walitoka mashambani wakapunga majembe. Nilikaa mbele nimevaa kitenge cha Krismasi.

Tulishusha mawe kanisani, tukarudi tupu, gia ndogo. Njiani Fundi alisema pedali ya breki ni nzito. Nikamwambia ni mpya, italainika. Nilikuwa nikiwapungia watu.

Jumatano, 11 Machi

Nitaandika kidogo.

Tuliondoka saa moja na kabichi hadi juu ya bodi. Fundi na mimi mbele. Shemeji Zakaria nyuma juu ya mzigo, shahidi wa ukoo, na gogo la kuzuia tairi mapajani. Alikuwa akitutania kupitia dirisha la nyuma kwamba leo utingo wetu ni mzee wa baraza.

Mpaka Soni salama. Tulipoanza zile kona za kushuka Mombo, Fundi akakanyaga breki na lori halikusikia. Akakanyaga tena. Akasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, mgongo kwenye paa. Ngumu kama jiwe, na lori linaongeza mwendo. Gia ya chini ilikataa kuingia. Sikupiga kelele. Nilisema tu Yesu, Yesu, Yesu. Kulia bonde, kushoto mlima. Fundi akalisukuma kwenye mlima. Likawa linasaga udongo na mawe, linapungua, lakini bado linakwenda.

Shemeji aliruka. Nilimwona kwenye kioo akikimbia kando, ameinama. Akasukuma gogo chini ya tairi la nyuma.

Likasimama.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa kati ya gogo na jiwe. Vidole viwili. Nilipomfikia alikuwa ameketi njiani, anautazama mkono kama wa mtu mwingine.

"Shemeji," akasema, "chuma chako kimeniuma."

Kabichi zilikuwa bado zinabingirika bondeni, moja moja.

Alhamisi, 12 Machi

Kidole kimoja wamekikata hospitalini. Cha pili wanasubiri.

Lori limevutwa hadi Soni, liko kwa mhunzi. Fundi hajala tangu jana. Alikuwa amelala chini ya lori tangu alfajiri. Saa sita akaniita nichungulie. Mpira mmoja unaotoka kwenye breki, umezibwa mwishoni kwa kipande cha mti.

Alinieleza polepole, mara mbili, mpaka nikaelewa. Injini ya petroli inavuta hewa, na breki ya lori hili inatumia uvutaji huo kumsaidia dereva. Dizeli haivuti. Lori la dizeli linawekewa pampu yake ya kuvuta. Ile injini ilipokuwa Mazinde haikwenda popote. Itake breki ya nini? Alipoukuta mpira hauna pa kuingia, aliuziba.

"Nimeziba pumzi ya breki kwa mkono wangu, mama."

Analia mtu mzima. Nikamwambia si wewe peke yako. Alitaka kushuka kwanza, sisi wawili tu na mawe yetu. Nani alikataa? Aliyekataa alikuwa na kitenge cha Krismasi.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kanisani, lakini Meza ya Bwana sikuikaribia. Imeandikwa ukapatane kwanza na ndugu yako.

Baada ya ibada nikaenda kwa Shemeji na kuku na chupa ya maziwa. Mkewe hakuitikia salamu yangu. Sawa. Nami nisingeitikia. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema tu kwamba Fundi alitaka kushuka kwanza na mimi nilikataa, kwa sababu nilitaka watu wanione.

Mkono wake ulikuwa kwenye kitambaa, kifuani kama mtoto mchanga.

"Nenda nyumbani, shemeji," akasema.

Sijui ni msamaha au ni kufukuzwa.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Ukoo wote umeshajua. Leo sokoni mtu amesema kwa sauti, nisikie, lori la mjane limeonja damu. Nimenunua chumvi, nimerudi.

Fundi hayupo siku ya tano. Alisema anatafuta pampu. Wapi? Nchi haina hata mipira ya radieta. Kama ameenda kwao moja kwa moja sitamlaumu.

Ninachoogopa nikiandike kilivyo. Siogopi umaskini, nimeuzoea. Naogopa kusimama uani na kusikia msumeno.

Jumanne, 24 Machi

Amerudi! Amekonda, ndevu zimemtoka, na pampu ameifunga kwenye kanzu yake ya Ijumaa. Kanzu haifai tena.

Alitembea Mombo, Korogwe hadi Tanga, kila penye lori bovu la dizeli. Akaipata kwa mzee mmoja mwenye lori lililooteshwa maboga. Mzee hakutaka kitu ila mashine yake ya kusaga ipone. Fundi ameitengeneza siku tatu. Mashine za kukaa mahali pamoja ndizo kazi yake, hapo hakukosea.

Nimempikia bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mshunga. Amekula sahani tatu. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 26 Machi

Pampu imefungwa, inazungushwa na mkanda. Tumepakia mawe pale pale Soni.

Watu walikuja wakauliza tunapanda wapi leo. Nikasema hatupandi, tunashuka. Wakaguna, wengine wakaondoka. Hakuna cha kushangilia. Fundi hakunikubalia kuingia ndani ya lori. "Mama, leo nikifa niwe na dhambi zangu tu." Basi nikamfuata kwa miguu hadi kona ya kwanza, nikasimama kwenye majani.

Alikwenda hatua ishirini, akasimama. Hatua ishirini, akasimama. Kwenye mteremko mkali kabisa akasimama, akazima injini, akashuka, akalizunguka lori, akapanda tena. Hivyo hivyo mpaka nikampoteza. Saa tisa alirudi kutoka Mombo. Alinionyesha mguu wake wa kulia, akaukanyaga chini mara moja, polepole, kama anayekanyaga breki.

Ijumaa Kuu, 27 Machi

Nimefunga. Kazi sikugusa. Nimemwombea Zakaria kwa jina, na kidole chake cha pili.

Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi

Kikao kimekaa uani kwangu. Wanaume kwenye mabenchi, mimi na wake zao kwenye mikeka. Lori lilikuwa mbele yao, limeoshwa. Niliwaamkia wote shikamoo.

Mzee Elieza, mkubwa wa wote, alianza. Alisema chuma kilichomkata mtu wa ukoo hakikai ndani ya ukoo. Likatwe. Wengi wakaitikia. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa tayari kusema ndiyo, nimwonee Mungu aibu badala ya watu.

Zakaria akasimama. Kidole cha pili kimepona, kimepinda kidogo.

"Walioumia ni wangapi?"

Mzee Elieza akasema, "Ni wewe."

"Basi aongee aliyeumia." Akalinyooshea lori fimbo. "Tulisema litembee, libebe mzigo. Linatembea, linabeba. Alhamisi nilikuwa Soni, nimejificha kwa mhunzi, nimeliona likishuka na kusimama. Hatukusema lisikosee. Na kosa mwenyewe amelileta mlangoni kwangu kwa miguu yake. Katika ukoo huu mmenikosea wengi tu. Nani mwingine amekuja?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Lakini nina sharti," akasema. Moyo ukanishuka. "Safari zote nakaa mbele. Nyuma akae yeye na kabichi zake."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mikeka yote, kisha mabenchi. Mzee Elieza alikuwa wa mwisho. Akauliza wali uko wapi.

Wamekula, wameondoka. Lori ni letu. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, nimeiacha.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua ya masika, si kubwa. Lori limeondoka alfajiri na kabichi za akina mama, Fundi na Shemeji wakibishana mbele kuhusu nani afunge dirisha. Mimi sikwenda. Kuna nguo za wiki nzima.

Nimefua. Nimemenya viazi. Hilda ameandika kutoka shuleni, nimesoma barua mara mbili.

Kama saa tisa nimelisikia chini kwenye kona, likipanda, gia ikibadilishwa mara moja tu. Sikutoka nje kulitazama. Nimeongeza maji kwenye chungu, watakuwa na njaa.