Dakika ya Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Nilivyookota chini ya viti vya ukumbi namba mbili: soksi moja ya mtoto, chaja, meno ya bandia ya juu. Meno nimeyatia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Fundi mitambo anasema mwenyewe atarudi tu, nyama haimsubiri mtu.

Mchana nimeitazama tena ile ya mzee anayeiba treni. Mara ya tatu. Safu ya F, kiti cha pembeni. Bado nacheka palepale anapoomba tiketi ya treni anayoiiba.

Kabla hatujatawanyika Meneja ametuita. Ijumaa ya wiki ijayo tunaanza kuonyesha filamu ya tamasha la Chiriku. Wote wamenigeukia mimi. Kabati langu la kazini lina picha zake ndani ya mlango, na hakuna wimbo wake ninaoukosea hata mstari. Nimecheka nao. Halafu nikauliza ni tamasha lipi. Meneja akasoma kwenye karatasi: lile la uwanjani, Januari.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kusemeshwa na mtu.

Jumanne, 4 Machi

Niliandike hili mara moja, niache kulizunguka.

Jumamosi, 11 Januari, nilitakiwa kuwa nyumbani saa kumi na mbili jioni. Baba alikuwa na wiki tatu tangu apasuliwe goti. Mchana alikuwa na Sista — muuguzi mstaafu, kila mtu anamwita hivyo — ambaye huondoka saa kumi na mbili kamili kwa sababu ana wajukuu. Yeye anatoka, mimi naingia. Ndivyo tulivyokubaliana. Kaka aliandika zamu zetu na kuzibandika kwenye friji.

Saa kumi, yule wa kaunta ya bisi akaniambia ana tiketi ya ziada, dada yake kaugua. Nikampigia Baba. Nikasema nimezuiwa kazini, zamu imeongezwa, Sista nitampigia mwenyewe asubiri. Akasema hakuna neno, mwanangu, redio ipo. Sista sikumpigia. Nilisema nitampigia nikiwa kwenye foleni. Kwenye foleni watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Sista akaondoka saa yake ileile, akijua naingia wakati wowote. Saa mbili Baba akajikokota jikoni kutafuta maji. Akaanguka kati ya meza na mlango, simu ikiwa sebuleni. Alilala sakafuni saa moja na nusu, mpaka Kaka alipopita kuleta dawa. Nyonga ilivunjika.

Hospitalini Kaka akaniuliza: ulimwambia Sista asubiri? Nikasema ndiyo.

Sista akasema hakuambiwa. Kaka akamjibu mdogo wake hana sababu ya kudanganya. Sista hakubishana. Alikunja koti lake jeupe, akaweka ufunguo wa nyumba yetu juu ya meza ya wagonjwa, akamtakia Baba apone. Hajarudi kwetu tangu siku ile.

Kaka bado anadhani nilikuwa kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Diski imefika. Kila filamu mpya lazima ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Mtu mmoja anakaa ukumbini peke yake, anaitazama mwanzo hadi mwisho na kujaza fomu: picha, sauti, maandishi. Meneja amenipa mimi. Zawadi, amesema.

Kabla ya muziki, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: 11 Januari. Sekunde tano.

Halafu nikasahau. Ndivyo ilivyokuwa. Wimbo wa pili ulinikuta nimesimama, ukumbi mtupu, fomu mkononi, naimba. Sauti wameirekodi vizuri sana. Ngoma inapiga kifuani kama siku ile, na Chiriku anavuta pumzi kabla ya kiitikio na watu elfu ishirini wanavuta naye.

Dakika ya 47. Wimbo wa polepole. Kamera inashuka kutoka jukwaani, inapita juu ya vichwa, inasimama. Ni mimi. Nimevaa shati la kazi, jina la ukumbi wetu kifuani, machozi mpaka kidevuni, mdomo wazi. Sekunde kumi na moja. Nimerudisha nyuma na kuzihesabu. Uso wangu ni mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu.

Tamasha lilianza saa moja na nusu. Kama hawakukata kitu, dakika ya 47 ni saa mbili na dakika kumi na saba.

Ningekuwa na wasiwasi kidogo usoni, ningejisamehe kidogo. Hakuna. Ni uso wa mtu asiyesubiriwa popote.

Kwenye fomu nimeandika: dakika ya 47, picha inakwama. Diski irudishwe.

Ijumaa, 7 Machi

Kila kasoro inayoandikwa kwenye fomu, Fundi anaitazama mwenyewe kabla diski haijarudishwa. Nina miaka miwili hapa. Nimemwona akifanya hivyo mara kumi. Jana halikunijia akilini hata kidogo.

Amenikuta kwenye kibanda cha tiketi.

— Picha haikwami.

— Labda ilikuwa mashine.

— Mashine ipi? Hii yangu? — Hapo ndipo alipoanza kucheka. — Kumbe haya! Umelia kama bibi harusi halafu unataka turudishe filamu nzima.

Kufika saa sita wote walikuwa wanajua. Kaunta ya bisi wananiita Staa. Mmoja ameniomba niweke sahihi kwenye kikombe cha soda. Yule aliyenipa tiketi amenuna, eti alikuwa ubavuni kwangu na kwenye picha limebaki sikio lake tu.

Meneja hakucheka. Amesema fomu ni ya kazi, si ya aibu zangu, na ameiweka kwenye faili. Halafu akasema ataibandika ile picha mlangoni, mfanyakazi wetu yumo ndani ya filamu, tangazo gani linazidi hilo? Nimemwomba asifanye hivyo. Kwa nini? Aibu, nikasema. Amekubali shingo upande.

Wiki moja. Baba hatoki nyumbani. Kaka haendi sinema, anasema anaweza kusinzia bure kitandani kwake. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimemnyoa Baba ndevu. Anatembea na fremu, leo hatua nane. Anasema zamani alikuwa anakwenda kazini na kurudi na hakuna aliyempigia makofi, sasa anakwenda chooni anapewa hongera.

Kaka amekuja na matunda. Baba akaanza:

— Nimechoka kuutazama huu ukuta. Na wenyewe umenichoka.

— Unataka kwenda wapi, Baba?

— Sinema. Huyu ana miaka miwili pale, sijaonyeshwa hata mlango.

Nimeharakisha kusema kuna filamu nzuri ya mzee anayeiba treni, atacheka sana, mimi mwenyewe nitampeleka kesho.

— Wazee nawaona kila siku kwenye kioo. Nataka ya huyo ndege wako. Miaka mitano namsikia kupitia ukutani, leo nimjue sura.

Nimesema kelele zitamsumbua.

— Nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio.

Kaka amefurahi kuliko Baba. Tangu Januari Baba hajaomba chochote zaidi ya mto wa mgongoni. Amesema atapanga kila kitu, tiketi nitazitoa mimi za wafanyakazi.

Nikiwa naosha wembe Baba akauliza, bila kunitazama:

— Tamasha lenyewe lilifanyika lini?

— Mwaka huu. Mwanzoni mwanzoni.

Akatikisa kichwa. Akaomba chai.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikaanza: Baba, siku ile. Akauliza, siku ipi? Nikasema, siku ile ya mvua.

Tumeongea habari za mvua nusu saa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kwanza. Ukumbi umejaa mara zote tatu. Nimesimama mlangoni na tochi. Ikikaribia dakika ya 47 natoka nje, nakagua sabuni vyooni. Sabuni ipo.

Mara ya tatu nimechelewa kutoka. Msichana wa safu ya nyuma ameitazama skrini, amenitazama mimi, ameitazama skrini tena. Akamtia mwenzake kiwiko. Wamepiga picha na mimi, nimetabasamu. Giza lote lile, na mtu hajawahi kuniona maishani mwake.

Baba ananijua tangu nazaliwa.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka amepiga simu. Kesho saa nane mchana, viti vinne.

— Vinne vya nini? Sisi ni watatu.

Akanieleza. Baba amemwalika Sista. Amempigia mwenyewe, namba aliikariri. Kaka hajapenda, na amemwambia. Baba alimjibu kwamba yule mama amemwosha miguu wiki tatu, na hawezi kuacha mambo yaishe vile.

— Kwa hiyo na wewe kesho usimnunie, Kaka akasema. Najua alikukosea, lakini yamepita. Mfanyie Baba.

Nimesema sitamnunia.

Baada ya kazi nimekwenda mpaka kwa Sista. Nimefika getini. Dirisha lilikuwa wazi, alikuwa anamfundisha mjukuu kuhesabu. Mtoto anaruka kumi na moja kila mara, na Sista anamrudisha kwenye moja bila kupandisha sauti. Nilikuwa na mkono kwenye komeo. Mtoto alipofika ishirini bila kukosea walipiga makofi. Nikaondoka.

Wimbo mzima wa Chiriku naweza kuuimba mbele ya watu elfu ishirini.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwenye benchi la nje ya ukumbi namba mbili. Filamu iko dakika ya 29. Saa ya ukutani iko mbele yangu, sihitaji kukisia.

Wamefika saa nane kasoro robo. Baba kavaa koti la suti ambalo sijaliona tangu mama azikwe. Fundi ameshuka mwenyewe kukisukuma kiti chake cha magurudumu kwenye mteremko. Nilimkazia macho asiseme kitu. Amesema tu, mzee, leo utaona mambo. Juu kabisa akainama kufunga breki, wakaongea maneno mawili matatu, wakacheka wote. Sikusikia.

Kaka alikuwa anatafuta pa kuegesha gari.

Sista amekuja peke yake, kilemba cha buluu. Nimempokea mkoba.

— Shikamoo, Sista.

— Marahaba. Umekonda.

Basi. Hakukuwa na hasira ndani yake. Nimesikiliza kwa makini, haikuwepo. Kaka alimsalimia kama anavyowasalimia askari wa barabarani. Wamekaa safu ya F: kiti cha Baba kwenye njia, halafu kiti changu, halafu Sista, halafu Kaka. Nimesema nakuja, niko zamu. Leo sina zamu. Nimevaa shati la kazi ili waamini.

Nilisimama nyuma kabisa yalipotokea yale maandishi, 11 Januari. Nilikuwa natazama vichwa vyao. Kaka alikuwa anazima simu, ameinama. Sista aligeuka kidogo kumwelekea Baba. Kichwa cha Baba hakikucheza.

Dakika ya 33. Tayari wanaimba ukumbi mzima. Bisi zinapita mikononi mwa watoto. Mmoja kaniuliza kama mimi ndiye yule wa dakika ile, mwenzake kamwambia. Nimemwonyesha mlango.

Dakika ya 36. Nimeandika nitakachosema, nione kinafikia urefu gani. Sista hakuambiwa asubiri. Sikumpigia. Nilikuwa huko, siyo kazini.

Mistari miwili. Miezi miwili mizima nilidhani ni hotuba.

Cha kuamua ni nani aanze kusikia. Kaka atapiga kelele, hilo nalijua, nimeshalikubali. Baba atanyamaza. Sista — sijui Sista atafanya nini, na ndiye ninayepaswa kumwambia kwanza, na amekaa katikati yao.

Naweza pia kukaa hapa mpaka dakika ya 48. Kaka ataniona. Atatoka na kuniuliza, na mimi nitajibu. Hiyo nayo ni njia. Ila itakuwa skrini ndiyo imesema, si mimi.

Dakika ya 41. Mlango umefunguliwa. Ni Sista. Nilifikiri anatafuta choo, nikanyoosha mkono kumwelekeza. Amekuja mpaka kwenye benchi.

— Baba yako anakuita.

— Anataka maji?

— Hakutaja maji. Amesema mwambie aje akae, wimbo wake unakaribia.

— Amejuaje unakaribia? Filamu hii hajaiona.

— Mimi nimetumwa tu, mwanangu.

Amekitazama hiki kidaftari. Hakuuliza naandika nini. Nimesema, Sista, kuna kitu. Amengoja kidogo, halafu akasema tutakosa.

Dakika ya 43. Yuko mlangoni. Ameushika wazi kwa bega, muziki wote unatoka nje na mwanga wa skrini uko kwenye viatu vyake. Nauona mgongo wa kiti cha Baba. Nimemwambia namalizia mstari, anisubiri. Amesema sawa. Hajaondoka.