Jibu la Makohozi Yako

Tata mpendwa,

Hukunizaa, ingawa nakuita baba, na mbele ya watu nilikuita Chef, mkuu wetu, kama wenzangu wote wa maabara ya hospitali. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutazama, na uliniita mutoto hata nilipoota ndevu.

Unakumbuka makohozi ya yule mchimbaji mwenye homa ya mapafu? Chini ya hadubini niliona seli kubwa zenye vipande vya seli nyingine tumboni, nikaandika haraka: hali inazidi kuwa mbaya. Ulitazama, ukacheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Mutoto, umeandika nini hapa? Ule mukubwa hapigane. Anakulaka bafu. Muntu huyu eko anapona."

Ukavuta kiti ukanieleza hao bafu, yaani wafu, ni nani. Seli ndogo hukimbilia mapafuni kupigana na vijidudu, kisha hufa hukohuko. Zisipookotwa mapema hupasuka, na sumu yao huumiza mapafu yenyewe. Zile kubwa huzimeza kabla hazijapasuka, na zikishakula hutoa ishara ya kutuliza, uvimbe ukashuka. "Kupigana kila muntu anajua," ulisema. "Kazi ni kusafisha." Mimi nilidhani unahubiri tu, kama kawaida yako.

Halafu mji ukageuka. Watu tuliosali nao walianza kuwaambia ninyi wenye asili ya Kasai mrudi kwenu, hata wewe uliyezaliwa hapahapa Kolwezi. Mlilala stesheni wiki kadhaa mkingoja treni. Nilipita pale kila asubuhi kwa baiskeli, koti jeupe la maabara nimelificha ndani ya begi. Nilijiambia nina haraka. Uongo mtupu. Niliwaogopa wanaume waliosimama mlangoni wakitazama nani anawasaidia.

Siku moja mke wako, Mama, alikuja dirishani pa maabara na kichupa cha penisilini. Ndani mlikuwa na makohozi yako.

"Tata anasema uangarie. Utamuletea jibu pa gare," alisema, yaani pale stesheni.

Juu ya kichupa ulikuwa umeandika jina, tarehe na saa. Hata ukiwa unalala chini kwenye saruji, hukukubali kichupa kisicho na saa.

Nilitazama. Seli ndogo zilijaa, nyingi zimekwisha kupasuka. Zile kubwa nilizitafuta kioo kizima, nikapata mbili tu. Ulihitaji kitanda na sindano siku ileile, na hospitali ilikuwa na vyote. Niliandika jibu, nikalipitisha mbele ya stesheni siku mbili ndani ya mfuko wa shati, bila kushuka kwenye baiskeli. Siku ya tatu nilishuka. Treni ilikuwa imekwisha ondoka.

Baadaye Mama aliandika kwamba walikuzika kando ya reli, kabla ya kufika Kasai. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama jibu lilikuwa tayari. Sikumjibu, Tata, na aibu hiyo bado inaniuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, nami nimejificha nyuma ya methali hiyo tangu ujana. Sasa Chef ni mimi. Wanafunzi wananicheka nikihubiri habari za kusafisha, na wana haki.

Juma lililopita mjukuu wako alinitafuta. Amerudi kufanya kazi mgodini, na alitaka kujua babu alikufa na nini. Nilimpa ile karatasi, nikamwambia ilikaa mfukoni mwa nani. Aliisoma amesimama, mara mbili, kisha akanisomea kwa sauti mstari wa mwisho, kama anayeuliza: "Alazwe leo?"

Lala salama, Tata. Ukiweza, nisamehe.

Mutoto wako wa hadubini